Longor na Dawa ya Magoti

Kakuma, 2 Februari 2025

Dada Asekon,

Ejok? Sisi huku tu wazima, kwa rehema za Mungu na kwa ubishi wetu wenyewe. Akoru anakusalimu, ingawa mke wangu huyo aliponiona nashika kalamu aliniuliza kama karatasi nayo utaifungia kama ulivyoifungia simu yangu. Watoto wamerudi shuleni. Mimi nimepewa darasa la sita, Kiswahili na Sayansi, watoto sabini na wanne katika chumba kimoja, na bati juu yao linawaka kama jiko. Mjomba wa Lorugum alipita wiki jana, akalala siku mbili, akaenda zake na redio yangu. Mama ni mzima. Uso umemjaa hata majirani wanamwambia binti yake wa Lodwar anamlisha vizuri, naye anacheka. Magoti hayamsumbui tena. Anavuka mto Tarach na mbuzi wake asubuhi na kurudi jioni, jambo ambalo miaka mitatu iliyopita hakuna aliyelitarajia.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike, maana najua hukungoja salamu. Ni Longor, mbwa wa marehemu Baba. Tangu Oktoba anakunywa maji kama ngamia aliyetoka safari. Lita nne, siku nyingine tano. Akoru anapanga foleni kwenye bomba tangu alfajiri, anarudi na mtungi kichwani, na kabla hajaushusha mbwa amesimama karoni anahema. Akishakunywa anakojoa palepale alipo. Ameota tumbo kama mbuzi mwenye mimba, miguu imekuwa vijiti, na manyoya ya ubavuni yamemtoka pande zote mbili sawasawa. Chakula anaiba, hata cha watoto. Mbwa huyu ndiye aliyemkabili fisi mlangoni pa boma peke yake!

Jirani yetu anasema tumuue. Akoru anasema hivyo hivyo, ila kwa sauti kubwa zaidi. Mama anasema atakayemgusa Longor amguse yeye kwanza. Wewe unauza dawa. Tuma kitu cha minyoo, au chochote, kabla nyumba hii haijapasuka kwa ajili ya mbwa.

Na kuhusu maneno niliyokuambia Krismasi kwenye simu, kwamba mtoto asiyekanyaga kwao mwaka mzima hana kwao: ni makali, lakini sikuyaokota barabarani.

Ndugu yako,
Erupe


Lodwar, 24 Februari 2025

Kwako Erupe,

Nimepata barua yako kwa mkono wa Ekwam, ilikaa kwenye pikapu yake siku tisa chini ya gunia la mahindi ya Katilu. Mimi niko salama. Joto la Lodwar unalijua. Kijana wangu amemaliza mtihani anakaa tu nyumbani anaangalia simu. Msalimie Akoru, mwambie karatasi sijaifunga.

Nimetuma dawa ya minyoo, nusu tembe leo na nusu baada ya wiki mbili. Lakini ndugu yangu, na unisamehe, mbwa ni mbwa. Watu wako hapa na wagonjwa wao wamebebwa kwa mablanketi, na mimi nasoma kurasa mbili za mkojo wa mbwa. Amezeeka. Wanyama huzeeka.

Nimeweka pia pakiti nyingine ya Mama, ya magoti. Ni nne kila asubuhi baada ya kula, kama kawaida. Hakikisha hakosi.

Kuja siwezi sasa. Bosi amesafiri, niko kwenye kemisti peke yangu kuanzia kufungua mpaka kufunga. Usianze tena.

Asekon


Kakuma, 16 Machi 2025

Dada Asekon,

Ejok, na salamu za kila mtu. Watoto wazima. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja kazaa mapacha. Nimemaliza salamu.

Dawa yako ya minyoo haikufanya lolote. Jumanne iliyopita Akoru alikuta nusu mtungi umelambwa, na unga wa watoto umemwagwa, akachukua mwiko akampiga Longor. Hakumpiga sana. Lakini ngozi ilichanika, dada, kama karatasi iliyolowa. Hatukuamini. Akoru mwenyewe alikaa chini akalia. Mama alitoka ndani, akamwangalia, akachukua kikombe chake cha maji ya kunywa akamwekea mbwa. Hakumsemesha Akoru siku tatu.

Nikaona basi. Kule kambini kwa wakimbizi kuna mama mmoja Mkongomani, Sylviane, aliyekuwa daktari wa mifugo kwao Butembo. Mwanawe namfundisha. Nilimwomba aje. Watu walitucheka njiani, mwalimu amemwitia mbwa daktari. Akaja, akapiga magoti vumbini, akampapasa Longor tumbo, akavuta ngozi, akatazama vidonda. Kisha akaniuliza:

"Mwalimu, huyu imbwa munamupatiaka dawa gani?"

"Hakuna dawa. Ya minyoo tu, mwezi jana."

"Hapana ya minyoo. Ya siku mingi."

"Hakuna."

Akasema huu ugonjwa unaitwa Cushing. Alinieleza polepole, nami nakueleza alivyonieleza. Mwili una kitu chake unachotengeneza wenyewe, kidogo kidogo, cha kuupa nguvu. Kikizidi, mnyama anakula hashibi, anakunywa hakati kiu, nyama ya miguu inayeyuka, tumbo linaanguka, ngozi inakuwa nyembamba. "Kuna imbwa wanapataka yenyewe," akasema, "kwa kauvimbe ka mu kichwa, ao juu ya figo. Na kuna wengine wanapewaka na watu." Akamtazama Mama. Mama akatazama mbuzi wake.

Siku ya pili yake niliamka nikajificha nyuma ya ghala. Mama akala uji. Akafungua pakiti yako. Akatoa tembe nne, akameza mbili, na mbili akazisaga kwa jiwe akachanganya na uji uliobaki, akampa Longor.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. Akasema, "Alikuwa anachechemea tangu fisi alipomuuma bega. Mimi nilikuwa nachechemea, nikapona. Nikampa naye akapona. Mbili zangu, mbili zake. Tunagawana."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

Sitamgombeza mwanamke aliyegawana dawa yake na mbwa. Nakugombeza wewe. Pakiti yako nimeigeuza juu chini. Ina neno moja, MAGOTI, kwa mwandiko wako. Hakuna jina. Hakuna kiasi. Sylviane anasema hawezi kumtibu Longor bila kujua anatibu nini. Kwa hiyo nauliza swali ambalo mtoto wa darasa la sita angeweza kulijibu: dawa hii inaitwaje?

Erupe


Lodwar, 2 Aprili 2025

Erupe,

Salamu. Sisi wazima. Mvua imeanza kutishia huku.

Nimesoma barua yako. Ni dawa ya magoti. Wazee wengi hapa wanaitumia na wanatembea. Mama alikuwa anatambaa, Erupe, umesahau? Alikuwa anaenda chooni kwa mikono na magoti, na wewe ulikuwa unanipigia simu ukilia. Nani alimwinua? Sasa anavuka mto na mbuzi na unaniandikia kama polisi.

Mwambie Mama asimpe mbwa dawa ya watu. Hilo tu. Na usiniletee habari za mtu asiye na cheti anayepapasa mbwa vumbini. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka kumi na nne. Ukitaka kujua, chuo cha ualimu ulisoma kwa pesa za dawa hizo hizo.

Nimetuma pakiti kubwa, ya miezi miwili.

Asekon


Kakuma, 11 Aprili 2025

Asekon,

Hakuna salamu leo.

Hukujibu swali. Nilikuuliza jina, ukanipa historia.

Jana Sylviane alikuja kufunga vidonda vya Longor. Mama akampelekea maziwa kwenye kibuyu, na kanga ikamteleza begani. Sylviane akamshika mkono. Mkono wa Mama una mabaka ya zambarau kuanzia kiwiko mpaka kifundo, na ngozi yake, Asekon, ngozi yake inang'aa kama ya kitunguu. Miguu vijiti. Tumbo. Uso ule wa mviringo tuliokuwa tunausifu. Mimi naishi naye nyumba moja na sikuona! Nilikuwa nahesabu maji ya mbwa.

Sylviane akasema, "Mwalimu, mama na imbwa, ni ugonjwa moya."

Nimechukua pakiti yako kubwa na ile ndogo iliyobaki, nimezimwaga zote chooni. Zote. Mama alinishika shati. Nikamwambia hatakula tena sumu yako, wala yeye wala mbwa. Simu yako nami nimeifunga, ujue inavyokuwa.

Hakuna haja ya kujibu.

Erupe


Lodwar, 13 Aprili 2025

Erupe,

Ekwam amenipa barua sasa hivi, bado yuko barabarani na injini inanguruma, nimemwambia ageuze arudi Kakuma leo leo. Nimekupigia mara kumi na moja. Ya Akoru imezimwa.

Ni PREDNISOLONE. Miligramu tano. Nne kwa siku, miaka mitatu.

Haikatwi ghafla. Ukikata ghafla mtu anaanguka, mwili umesahau kutengeneza yake. Mpeleke Mama hospitali saa hii unaposoma, usingoje aanguke. Waonyeshe karatasi hii. Hata mbwa mrudishie dawa.

Kwa Mungu, Erupe, harakisha.


Kakuma, 27 Aprili 2025

Asekon,

Mama yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu Ekwam ameniambia ulimuuliza ukakimbia kabla hajajibu. Kwa nini ulikimbia sijui, lakini nina nadharia yangu na si nzuri.

Nitakueleza ilivyokuwa ili ubebe sehemu yako.

Siku mbili za kwanza baada ya kuzitupa, nilitembea kifua mbele. Longor hakugusa maji sana, nikamwambia Akoru, unaona? Siku ya tatu, Jumapili tunatoka kanisani, tukamkuta amelala mlangoni pa Mama, ulimi nje, anatapika povu. Nilimwita, akatikisa mkia mara moja bila kuinua kichwa. Nikamtuma mwanangu kwa Sylviane. Alikuja anakimbia, mwanamke wa miaka hamsini, viatu mkononi. Akamgusa fizi, akaniuliza:

"Dawa mulikata?"

"Nilizitupa."

"Zote?"

"Zote."

Hakumtazama tena mbwa. Akasimama. "Mama iko wapi?"

Mama alikuwa ndani. Alikuwa amesema hana hamu ya kwenda kanisani, kiungulia tu. Tulimkuta ameegemea ukuta, midomo imekauka, macho wazi, na nilipomwita alinijibu kwa jina la Baba. Akoru alimbeba miguu, mimi mabega. Tulikuwa tumesimamisha pikapu barabarani, na ilikuwa ya Ekwam, anafika na barua yako mkononi, anapiga honi.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo. Alisoma karatasi yako mara mbili. Akaniambia bila jina lile angetafuta malaria kwanza, na taifodi, na jioni ingetukuta tunamtafutia Mama kaburi. Walimwekea maji ya mishipa na dawa ileile kwa sindano. Ndiyo, dawa ileile. Saa kumi akaomba uji. Akauliza Longor amekula.

Sasa nikuambie cha Longor. Sylviane alisema mbwa naye apewe tembe yake upesi. Zangu ziko chooni. Nikakimbia kemisti ya hapa stendi. Nikamwambia yule kijana nataka prednisolone. Hakuniuliza ya nani. Hakuniuliza kwa nini. Akazihesabu kwa kidole, akazitia kwenye bahasha ndogo ya khaki, akashika kalamu, akaniuliza, "Niandike ya nini? Mgongo?" Nilipiga kaunta yake ngumi hata mizani ikaruka. Watu walidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nakuona wewe, Asekon. Miaka kumi na nne nyuma ya kaunta.

Longor alilala siku mbili, Sylviane akimtilia maji ya chumvi na sukari mdomoni kwa bomba la sindano. Siku ya tatu akasimama, akaanguka, akasimama. Kama angeanguka siku moja baada ya Mama badala ya kabla yake, sijui ningeandika nini leo.

Daktari anauliza nani alimpa Mama dawa hizi. Nimemwambia sijui. Huo ni uongo wangu wa mwisho kwa ajili yako.

Erupe


Lodwar, 1 Juni 2025

Erupe ndugu yangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Ya tano nakutumia hata ikiwa mbaya.

Msalimie Akoru. Mwambie nashukuru alibeba miguu ya Mama.

Nilijua. Si mwanzoni. Mwanzoni bosi aliniambia ni nzuri, mgonjwa anainuka kesho yake, na kweli wanainuka. Mzee anakuja kwa mkongojo, wiki ijayo anakuja bila. Wanakubariki. Wasichana nao wanakuja wanaitaka ya kunenepa mashavu. Tunaiita jina lolote mtu analotaka. Magoti, mgongo, mwili. Tukiandika jina la kweli wataenda kununua kwingine, ndivyo bosi alivyosema. Nilipoona Mama anatambaa, nilifikiria nini? Nilifikiria nina dawa inayoinua watu.

Halafu Krismasi ile ya mwaka juzi nilikuja. Mama alinikumbatia na niliona uso. Nilikuwa nimeshauona uso ule kwa wateja. Wawili kati yao walikuwa wameshakufa, na watu wao walisema ni moyo. Nilirudi Lodwar nikijiambia nitapunguza, nitamweleza, nitakuja na daktari. Nikatuma pakiti nyingine. Kumweleza ni kumwambia nini? Kwamba miguu niliyompa ni ya kuazima? Ndiyo maana sikuja tena. Si kazi. Ulinitukana kwamba sina kwetu na nikakufungia simu, lakini nilifurahi, Erupe, nilifurahi kupata sababu.

Na jambo lingine. Jumatatu ile, siku moja baada ya Ekwam kuwapeleka, nilikuja. Nilifika hospitali. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, nikamwona Mama amelala, na yule daktari binti amesimama na wewe, nikamsikia akiuliza nani alimpa. Nikasikia ukisema hujui. Nikageuka. Nilipanda gari la kwanza. Ulisema una nadharia yako na si nzuri. Ni kweli.

Kemisti nimeacha. Siandiki hili unisifu. Nilianza kuandika jina halisi juu ya kila pakiti, na kiasi, na "usikate ghafla", siku nne, bosi akaniambia nichague. Sasa nauza mboga sokoni, napigwa jua.

Lakini wewe nawe niambie kweli. Yule Sylviane alijua ugonjwa, alijua dawa ni ya aina gani. Hakukuambia usikate?

Asekon

Longor yu hai?


Kakuma, 20 Julai 2025

Dada Asekon,

Ejok. Watoto wazima. Akoru mzima, ana mimba, na hasira zake zimeongezeka mara mbili.

Swali lako nimekaa nalo karibu wiki saba. Ndiyo. Aliniambia. Siku ile ile ya mabaka ya mkono alinishika bega akasema, "Mwalimu, hapana kukata moya kwa moya. Ngoja tupate jina, tupunguze polepole." Alisema mara mbili. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira ina masikio yake. Nilitaka kutupa kitu. Nilitaka ujue nimekitupa. Nilikuandikia barua kuhusu ushindi wangu na sikuandika neno hilo. Kwa hiyo tumemwangusha Mama wawili, wewe kwa miaka mitatu na mimi kwa siku tatu. Usidhani kwa kukiri hivi nimekusamehe.

Longor yu hai. Ametoka tembe mbili, akaenda moja na nusu, moja, nusu, na sasa anapata nusu siku moja na siku nyingine hapati. Sylviane ametuchorea kalenda kwa kalamu nyekundu, imebandikwa ukutani juu ya masufuria. Ilikuwa kazi, nisikufiche. Wiki ya nne tulipunguza haraka akaanza kutetemeka, tukarudi nyuma hatua moja. Vidonda tunaviosha asubuhi na jioni. Kuna uvimbe mgumu mgongoni kama chokaa, Sylviane anasema utaondoka kwa miezi, au hautaondoka. Lakini tumbo limerudi ndani. Maji anakunywa kama mbwa. Na ubavuni, Asekon, kumeota manyoya mapya, meusi kidogo kuliko ya zamani, mafupi kama nywele za mtoto mchanga. Watu waliotucheka sasa wanamletea Sylviane mbwa zao na punda zao, na juzi mbuzi.

Mama ndiye aliyebaki. Yeye anapunguza polepole zaidi kuliko mbwa, daktari anasema huenda mwaka mzima. Uso umepungua. Mabaka yamepauka. Na magoti yamerudi. Yote mawili. Hawezi kuvuka Tarach. Mbuzi anawachunga mtoto wa jirani, anawapoteza. Jana nilimkuta Mama ameketi mlangoni na Longor, nikadhani anapumzika, kumbe alikuwa anajaribu kusimama tangu nilipoenda shule.

Nikamwambia, "Mama, Asekon anasalimu."

Akasema, "Mwambie asinisalimu kwa karatasi."

"Ana aibu, Mama."

"Mimi nina magoti. Tubadilishane." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Mmoja alinipa miguu hakuniambia bei. Mwingine akaninyang'anya hakuniuliza. Mmesoma wote wawili. Nani kati yenu aliwahi kuketi hapa akaniuliza, Mama, wataka nini?"

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi.

Simu yako nimeifungua. Sitaipiga.

Erupe


Kakuma, 9 Agosti 2025

Erupe,

Usishtuke kuona juu ya barua nimeandika Kakuma. Naandika nimeketi kwako, uani, kwa kalamu nyekundu ya Akoru. Wewe uko shuleni kwenye mafunzo ya walimu, wamesema utarudi saa kumi. Nilitaka nikungoje nikuambie kwa mdomo lakini nimeona mdomo wangu hautaweza kuanza, kwa hiyo naanza hapa.

Nilishuka saa tatu asubuhi. Longor alinibwekea kama mwizi, hakunikumbuka, na sikumlaumu. Mama alikuwa ndani. Nilisimama mlangoni nikasema ejok. Akaniita karibu. Nikainama nipate baraka, akanipiga kofi. La kweli, Erupe, la sikio, bado linavuma. Nina miaka arobaini na sita.

Akoru alikuwa anapika, alisimama na mwiko hakujua aingie au atoke.

Nikakaa chini. Nikamuuliza lile swali alilosema hatukuwahi kumuuliza. "Mama, wataka nini?"

Nilidhani ataniambia anataka dawa. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, nilikuwa na maneno yote. Akasema, "Nataka kuona mbuzi wangu kabla yule mtoto hajawamaliza."

Basi tumetoka. Mkono mmoja juu ya bega langu, mwingine kwenye fimbo. Tulitumia saa nzima kufika ukingo wa Tarach, na unajua ni hatua ngapi. Alipumzika mara tano. Kila akipumzika alinitukana. Ameniita majina ambayo nilidhani yalikufa na Nyanya. Mara ya tatu nililia, akaniambia nilie nikitembea. Tumewapata mbuzi. Wamepungua wawili, ana orodha kichwani, mtoto wa jirani atakiona cha moto. Halafu ilibidi turudi, na kurudi kulikuwa kubaya zaidi, maumivu yalimkaza hata akanyamaza, na kunyamaza kwake nilikuogopa kuliko matusi. Nilimbeba mgongoni hatua za mwisho. Ni mwepesi. Sikujua kuwa ni mwepesi hivyo.

Sasa amelala. Nimemkanda magoti kwa mafuta na maji moto, kazi ya saa moja, na kesho itakuwa hivyo tena, na keshokutwa. Yule daktari binti nitamwona Jumatatu. Nitamwambia ni mimi. Nimemwambia Mama kwamba nitamwambia. Mama akasema, "Kwanza mwambie Erupe anirudishie mto wangu, mkewe ameutandika kitini."

Sijui nitakaa muda gani. Kijana wangu anakuja wiki ijayo na vitu. Mboga zinauzika hata Kakuma.

Najua bado una hasira. Mimi pia, juu yako, juu ya bosi, juu yangu mwenyewe zaidi. Tumeandikiana miezi saba na kila barua inaandikwa kwa moto, ikifika wewe umepoa, au mimi nimepoa. Barua nimechoka nazo. Nimeiweka hii kwenye meza chini ya kikombe chako. Ukimaliza kuisoma zunguka nyuma ya nyumba, niko kwenye kivuli cha ghala nachambua maharagwe.

Njoo unigombeze ukiniangalia.

Asekon